Usimwamshe

Siku ile Bi Gerlinde Wöhrle alifagia ngazi za jengo zima, kutoka juu hadi mlango wa mtaani, na wala haikuwa zamu yake. Kibao cha zamu kilikuwa kinaning'inia mlangoni kwa Bi Häfele, ghorofa ya pili. Katika mji ule wa bonde la Neckar kibao hicho si mchezo. Kikiwa mlangoni kwako, ngazi ni zako wiki nzima, na mtu mwingine akizigusa ni kama amekuita mchafu mbele ya majirani.

Bi Häfele alifungua mlango, akasimama na aproni yake.

"Bi Gerlinde, kibao kiko kwangu."

"Nakiona."

"Na jana nilifagia."

"Najua ulifagia. Rudi ndani, Bi Häfele. Nina hasira, na nyumbani sina pa kuiweka."

Bi Häfele alimtazama. Walikuwa wameishi mlango juu ya mlango miaka thelathini na moja. "Basi usisahau ile pembe ya chini," akasema. "Eugen wako huacha matope pale." Akafunga mlango.

Hasira yenyewe ilianza shuleni Alhamisi hiyo hiyo, kwenye mkutano wa walimu. Lakini ili uielewe, kwanza umjue yeye.

Alikuwa mtoto wa mshona viatu. Alianza kufundisha akiwa na miaka thelathini na mitano, baada ya kuchoka na kiwanda. Shule ilikuwa shule ya Waldorf ya mji huo. Huko mwalimu hulichukua darasa la kwanza na kwenda nalo hadi la nane: watoto wale wale, mwalimu yule yule, miaka minane. Bi Gerlinde alikwenda safari hiyo mara tatu. Mwisho wa safari ya tatu alikuwa na miaka hamsini na tisa na goti moja bovu, akasema hapandi tena. Ndipo wakampa kazi ya kuwalea walimu wapya wa chuo cha ualimu kilichokuwa hapo hapo shuleni. Hata alipostaafu hakuiacha.

Kazi hiyo aliifanya ameketi. Aliingia darasani kabla ya watoto, akachukua kiti kidogo cha mtoto, akakaa nyuma kabisa karibu na makoti yanayoning'inia, mikono mapajani. Daftari hakuwa nalo. Walezi wengine walikuja na karatasi, wakaandika: sauti ndogo, ubao mzuri, wimbo mrefu mno. Yeye hapana. Mtu akiandika huinama, alisema, na akiinama hakuna anachokiona isipokuwa karatasi yake.

Somo likiisha, watoto wakitoka kwenda kula mkate wao, alimwuliza mwalimu kijana swali moja.

"Leo umemwona nani?"

Hapo ndipo wengi walipotoka jasho.

"Nimemwona Ruprecht," kijana angesema. "Leo alikuwa mtundu kweli."

"Utundu sikukuuliza. Umeona nini?"

"Amemsukuma mwenzake."

"Kwa mkono upi?"

Kijana akatazama mikono yake mwenyewe.

"Asubuhi ulipompa mkono mlangoni, wake ulikuwa wa moto au wa baridi?"

Kijana akageukia mlango, kana kwamba mkono ule bado uko pale.

"Basi hujamwona. Umemhukumu tu. Kesho mtazame tena."

Wako waliolia. Mmoja aliyekuwa mhandisi kabla ya kuingia ualimu alimwambia kwamba hii ni kazi ya polisi. "Polisi wana kofia," akamjibu. "Sisi tuna macho tu. Yatumie."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Usiniambie mtoto ni nini. Niambie umeona nini. Mvivu, mtundu, mpole, mjanja: maneno hayo aliyaita vifuniko. Ukishaliweka jina juu ya mtoto, alisema, huchungulii tena ndani.

Mumewe, Eugen, alikuwa fundi wa majiko ya kupasha nyumba moto. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne. Shule ile ya mkewe hakuwa na habari nayo. Aliwaita walimu watu wa nta, kwa sababu koti la Gerlinde lilinuka nta ya nyuki, ile wanayowapa watoto wafinyange. Kila Alhamisi jioni aliuliza, "Watu wa nta wamesemaje leo?" Naye akamweleza, Eugen akimenya viazi. Kama aliyaelewa yote, hakuna ajuaye. Aliyasikia.

Sasa Swantje.

Swantje Ehlers alitoka kaskazini, kwenye pwani ya baridi, mwanamke mrefu wa miaka ishirini na saba. Matamshi yake yaliwachekesha watoto wa Neckar. Siku ya kwanza alimpa Bi Gerlinde mkono, Bi Gerlinde akaushika asiuachie.

"Wa baridi. Unaogopa?"

"Naogopa."

"Vizuri. Mtu asiyeogopa watoto thelathini na sita huwa namrudisha kwao."

Akampenda tangu siku hiyo, ingawa hakumwambia. Swantje alikuwa na macho. Wengine ilibidi wafundishwe miezi sita kuona kwamba mtoto fulani hupanda ngazi akitanguliza mguu mmoja tu. Swantje aliyaona hayo wiki ya pili.

Ilikuwa Novemba, darasa la kwanza. Somo limekwisha, watoto wako nje.

"Leo umemwona nani?"

"Thekla."

Thekla Rapp alikuwa na miaka saba, mtoto wa fundi umeme, kiti cha dirishani.

"Umeona nini?"

"Anakatika."

"Eleza."

"Tulikuwa tunaimba, naye anaimba. Akanyamaza katikati ya neno. Kope zikawa zinapepea. Ukihesabu, ni mpaka tisa, kumi. Kisha akaendelea kuimba, lakini kutoka pale alipoachia yeye. Sisi tulikuwa tumeshafika mbele. Ni kama taa imezimwa ikawashwa, na mwenyewe hana habari kwamba ilizimwa."

Ilikuwa taarifa safi kuliko zote alizowahi kupewa na kijana. Siku nyingine angeuliza: mara ngapi, baada ya nini, macho yanakwenda wapi. Siku ile alitabasamu.

Watu wa shule zile wana imani moja wanayoishika kwa mikono miwili. Mtoto mdogo bado yuko nusu usingizini. Ukimwamsha mapema, kwa kumharakisha kusoma na kumjaza kichwa, unamharibia kitu kisichorudi. Bi Gerlinde alikuwa ameifundisha imani hiyo kwa vijana mia mbili au zaidi. Ilikuwa inakaa mdomoni mwake tayari, kama meno.

"Huyo anaota," akasema. "Ni mwotaji. Siku hizi wamekuwa adimu, watoto wa televisheni wote wako macho kama bundi. Usimwamshe."

Ndiyo hivyo. Neno moja, na kifuniko kikakaa.

Februari Swantje alirudi nalo. "Thekla anakatika mara sita kwa somo moja. Nimehesabu."

"Usihesabu watoto kama vyuma vya kiwandani."

"Nafikiri daktari amwone."

Bi Gerlinde alicheka. Kicheko hicho alikikumbuka baadaye kuliko neno lolote. "Mwanangu, ukimwita daktari kwa kila anayechungulia dirishani, hospitali za Stuttgart zitajaa."

Mara ya tatu ilikuwa vuli, darasa la pili. "Mama yake ameniuliza kama kuna tatizo. Nimjibu nini?"

"Mwambie binti yake hana haraka ya kushuka duniani. Ndiyo heri yake."

Swantje akamwambia mama maneno hayo hayo. Mama alifurahi mpaka akatokwa na machozi.

Kisha ukaja Mei, siku ya matembezi. Kuna kijito nje ya mji, na mawe ya kuvukia. Watoto walivuka mmoja mmoja. Thekla alikuwa wa nne. Alifika jiwe la katikati, akakatika. Alianguka kama mzigo, mikono haikutangulia. Kichwa kikapiga jiwe, uso ukaingia majini. Swantje aliingia na viatu vyake akamtoa. Mfupa wa bega ulivunjika, paji la uso likashonwa nyuzi sita, na maji yalikuwa yameingia mapafuni. Alilala hospitali siku kumi na moja.

Saa ya kwanza tu daktari alimwuliza mama, "Huwa anaduwaa hivi tangu lini?"

"Huyo?" mama akasema. "Huyo ni mwotaji wetu."

Daktari hakucheka. Akamweleza. Ni kifafa, ile aina isiyomwangusha mtoto wala kumtoa povu. Inamzima tu, sekunde chache, labda mara hamsini kwa siku. Dawa ipo, asubuhi na jioni. Angekuwa anaimeza tangu mwaka juzi.

Na sasa Alhamisi.

Shule ile haina mkuu. Walimu wote huketi duara, na neno halipiti mpaka wote waliridhie. Mwaka huo aliyeongoza mkutano alikuwa Bwana Notker Seybold, mwalimu wa historia wa madarasa ya juu, mtu wa sauti ya pamba. Aliwasha mshumaa kama kawaida. Akatoa barua atakayowasomea wazazi wa darasa la pili Jumanne. Ilisema kwamba mwalimu wa darasa, kwa uchanga wake katika kazi, hakuzitambua dalili. Kwamba ataondoka mwisho wa mwaka. Kwamba watoto watakabidhiwa mikono yenye uzoefu.

Swantje alikuwa ameketi anatazama magoti yake.

"Alizitambua," alisema Bi Gerlinde.

"Samahani?"

"Alizitambua Novemba ya mwaka juzi. Akaniambia. Mimi ndiye niliyemwambia aache."

Bwana Notker aliweka barua mezani, karibu na maua. "Bi Gerlinde, moyo wako tunaujua sote. Lakini tusikimbie."

"Mtoto amekunywa kijito. Nani anakimbia?"

"Nasema tukae na swali hili. Tulale nalo."

Katika shule ile neno gumu hulazwa. Hulala nalo wiki moja, hulala nalo mbili, mpaka asubuhi moja wanaamka halipo. Yeye mwenyewe alikuwa ameyalaza mengi. Siku ile maneno hayo yalimnukia vibaya.

"Msilale," akasema. "Tumelala vya kutosha. Mimi wa kwanza."

Bi Irmela, mwalimu wa ufumaji na rafiki yake wa siku nyingi, alimshika mkono. "Gerlinde, fikiria chuo. Vijana wanakuja hapa kutoka Japani, kutoka Brazili, kwa ajili ya jina lako. Likivunjika?"

"Livunjike. Bega la mtoto limevunjika na bado tumekunywa chai."

"Huko ni kujipiga mwenyewe."

"Afadhali nijipige mimi kuliko nyinyi mumpige huyu."

Bwana Notker aliikunja barua taratibu. "Barua inahitaji ridhaa ya walimu wote. Wewe, dada yetu, umestaafu. Hapa mkutanoni ni mgeni. Mgeni mpendwa." Akaanza kuuliza duara, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliinamisha kichwa kukubali. Irmela aliinamisha. Ikafika kwa Swantje, naye akainamisha.

Bi Gerlinde alimkamata kwenye baraza ya makoti.

"Kwa nini umekubali?"

"Ningefanya nini?"

"Ungesema."

"Nilisema," akajibu Swantje. "Kwako. Mara tatu." Alikuwa anaingiza mkono kwenye koti, mkono haupati tundu. "Umenifundisha kutazama, Bi Gerlinde. Nimetazama. Hukunifundisha nifanye nini na nilichokiona ikiwa wewe hutaki kukiona."

Akaondoka. Bi Gerlinde akarudi nyumbani kwa miguu, kilomita tatu na goti lile. Akatoa ufagio.

Eugen alitoka stoo ya chini akamkuta kwenye ngazi ya mwisho, anakwangua matope ya pembeni kwa kisu.

"Watu wa nta wamesemaje?"

Akamweleza yote. Safari hii hapakuwa na viazi. Eugen alisimama tu.

"Mtoto ulimkosea wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Na wanamfukuza yule mrefu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sina kauli. Mimi ni mgeni."

Eugen alivuta pumzi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na akikasirika yalipungua zaidi. "Nimefunga majiko miaka arobaini," akasema. "Moja lilijaza moshi nyumba ya kasisi. Nilikwenda mwenyewe, kofia mkononi. Kasisi alinitukana matusi ambayo sikujua makasisi wanayajua. Nikalifungua jiko, nikaanza upya."

"Hili si jiko."

"Najua si jiko. Ule mlango wa darasa hufungwa kwa ufunguo?"

"Haufungwi."

"Basi." Akamchukulia kizoleo, akaenda kumwaga vumbi.

Jumanne jioni wazazi wa darasa la pili walikaa kwenye viti vya watoto wao, magoti yakigusa videvu. Ubaoni palikuwa na mchoro wa chaki za rangi, mbwa mwitu anamlamba mtawa mkono. Swantje alikuwa ameuchora Jumapili peke yake, kwa siku zilizobaki. Ottmar Rapp, babake Thekla, alikaa mbele na mkewe Annegret. Ottmar alikuwa mtoto wa darasa la kwanza kabisa la Bi Gerlinde. Sasa ana miaka thelathini na minane na kipara.

Bi Gerlinde aliingia, akachukua kiti, akakaa nyuma karibu na makoti. Wengi walidhani amekuja kazini.

Bwana Notker alisoma. Alipofika kwenye neno uchanga, Bi Gerlinde alisimama.

"Bwana Notker, kaa."

"Bi Gerlinde, ninasoma."

"Nimekusikia unavyosoma. Kaa."

Alikaa. Labda hakutaka ugomvi mbele ya watu, labda ni ile sauti iliyowaketisha watoto miaka ishirini na minne. Bi Gerlinde alitembea mpaka mbele.

"Wengi mnanijua. Wengine nimewafundisha. Ottmar, wewe nimekufundisha kufunga kamba za viatu."

Mmoja wawili walicheka. Ottmar hakucheka.

"Mwalimu huyu aliniambia kwamba binti yenu anazimika kama taa. Alinieleza vizuri kuliko daktari. Nikamjibu kwamba ni mwotaji, asimwamshe. Akaniambia tena aitiwe daktari, nikamcheka. Akaniambia mara ya tatu. Nilikaa pale nyuma, pale kwenye makoti, siku ishirini na mbili. Macho yangu ni mazima. Sikumtazama mtoto hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshampa jina."

"Mara tatu," alisema Ottmar.

"Mara tatu."

"Na mke wangu alipouliza?"

"Maneno aliyojibiwa ni yangu. Huyu aliyabeba tu."

Annegret Rapp hakuwa amesema neno tangu aingie. "Kwamba hana haraka ya kushuka duniani," akasema sasa. "Niliyaandika kwenye kalenda ya jikoni. Kwa wino mwekundu. Kila asubuhi nikimfunga nywele nayasoma, naye amesimama mbele yangu anazimika." Akamgeukia Bi Gerlinde. "Njoo uyafute wewe."

"Nitakuja."

Ottmar alisimama. Kiti kile kidogo kilimng'ang'ania nyuma, akakipiga kwa mkono kikaanguka.

"Nilimleta mtoto shule hii kwa sababu yako," akasema. "Si kwa sababu ya mishumaa yao. Yako. Sitaki kukuona tena darasani kwake."

"Hutaniona."

"Wala darasa lingine lolote."

Bi Gerlinde alitazama kile kiti chake karibu na makoti. Hilo hakuwa amelitarajia, na hiyo ndiyo kazi aliyobaki nayo duniani. "Sawa," akasema.

"Na mwalimu huyu haendi popote. Ndiye aliyeingia majini." Akamgeukia Bwana Notker. "Hiyo barua itie mfukoni."

"Bwana Rapp, jambo hili litarudi mkutanoni, tulikalie, tulale nalo..."

"Lala wewe," alisema Ottmar.

Wazazi wengine walianza kusimama, mmoja hapa, mmoja pale, viti vikikwaruza sakafu. Wakasimama nyuma ya Ottmar. Swantje alikuwa ukutani kando ya ubao. Bi Gerlinde alipompita alisimama.

"Nimekukosea."

"Ndiyo," akasema Swantje. Hakusema si kitu. Bi Gerlinde aliona hivyo ni haki, akaenda zake.

Eugen alikuwa ameweka dengu na tambi za mayai mezani.

"Wamekufukuza?"

"Ottmar Rapp amenifukuza."

"Amefanya vyema," alisema Eugen, akampakulia. Akasogeza kiti chake karibu na wake. Wakala.

Kesho yake alikwenda kwa akina Rapp na kifutio cha wino na kiwembe. Alikwangua maneno mekundu kutoka kwenye kalenda mpaka karatasi ikatoboka. Annegret alisimama mlangoni, hakumkaribisha kahawa. Thekla aliingia, mkono kwenye kitambaa, nyuzi kwenye paji la uso. Aliutoa mkono mzima kusalimia, maana ndivyo walivyofundishwa. Bi Gerlinde aliushika. Ulikuwa wa moto. Safari hii alimtazama mtoto usoni muda mrefu, mpaka mtoto akauliza, "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nakutazama."

Alhamisi iliyofuata mkutano ulimpa maua na shukrani. Barua haikusomwa tena popote. Swantje alibaki na watoto wake. Jina la Gerlinde Wöhrle liliachwa kwenye kijitabu cha chuo kama mapambo, na kila kilipochapishwa alipiga simu walitoe, nao wakasema watalala nalo.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Hasira haikumwisha, na aliitunza. Akisikia mtu kwenye duka la mkate anasema mtoto wangu ni hivi, mtoto wangu ni vile, alimgeukia: "Umeona nini?" Watu walimwona mzee mkorofi. Jambo moja tu lilimlainisha. Swantje alipolifikisha darasa la nane, watoto waliigiza mchezo wao wa kuaga, kama kila darasa la nane. Ottmar Rapp alikuja mwenyewe kugonga mlango.

"Jumamosi kuna mchezo. Njoo."

"Niliahidi sitaingia darasani."

"Mchezo uko ukumbini, si darasani," alisema Ottmar. "Usinifanye nikubembeleze."

Alikwenda. Thekla aliigiza mwizi wa kuku, hakukatika hata neno moja.

Baada ya hapo Swantje naye alipewa vijana wa kulea. Sasa ndiye anayekaa nyuma karibu na makoti. Anauliza swali lile lile, umemwona nani. Kisha anaongeza lake: "Na ulichokiona, umeshamwambia nani? Akikucheka, mwambie mwingine."

Bi Gerlinde alifariki Februari, akiwa na miaka sabini na sita. Moyo. Alikuwa anavua viatu. Bi Häfele alishikilia kibao cha zamu mlangoni kwake wiki tano, akafagia ngazi zote kimya kimya, akamwachia Eugen supu kwenye mkeka wa mlangoni.

Machi gazeti la shule likatiwa kwenye kisanduku cha barua. Bwana Notker Seybold alikuwa ameandika kurasa mbili juu ya marehemu, na picha. Eugen alisoma polepole kwa kidole, hakuwa msomaji. Palikuwa na mwanga, palikuwa na roho, palikuwa na mikono ya upole. Mwisho paliandikwa: Aliwaacha watoto waote.

Eugen alikaa na sentensi ile mpaka kahawa ikapoa. Kisha akaenda kwenye sanduku la vifaa, akatoa penseli ya fundi, ile bapa. Akaikata sentensi kwa mstari mmoja mzito. Pembeni akaandika kwa herufi kubwa, kama alivyokuwa akiandika juu ya mabomba: SI KWELI. ALIMKOSEA THEKLA RAPP, AKASEMA MWENYEWE. ANDIKENI HIVYO. E. WÖHRLE. Akavaa koti, akatembea zile kilomita tatu, akalisukuma gazeti kwenye tundu la mlango wa shule.

Siku mbili baadaye simu ikalia.

"Bwana Eugen," ilisema ile sauti ya pamba. "Tumepokea. Tunayaelewa maumivu yako. Tutakaa na jambo hili, tulale..."

"Usilale," alisema Eugen, akakata simu.

Toleo la Juni halikuandika kitu. Akaandika maneno yale yale pembeni, akalirudisha. La Septemba vivyo hivyo. La Desemba vivyo hivyo. Kila mara anachonga penseli kwa kisu kabla ya kutoka, na bado ni ndefu.